Mwalimu wa GMAT wa Kijitonyama: masomo ya seti na utoshelevu wa data

Kama uko Dar na maswali ya seti zinazoingiliana yanakusumbua kwenye GMAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya biashara, hasa yanapokuja kwa sura ya utoshelevu wa data (Data Sufficiency), nenda kwa huyu mwalimu wa Kijitonyama. Nauweka uamuzi wangu juu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma hadi chini. Jina lake na namba yake siandiki kwa kuwa mwenyewe ameomba zisisambazwe: anafundishia sebuleni kwake, anachukua watu wachache, na wanaofika pale wameelekezwa na waliotangulia. Watu wanaojiandaa na mtihani huu hapa mjini ni wachache na wengi wanajuana, kwa hiyo ukiulizia utampata. Na kwa aliye Mwanza au Mbeya asiyeweza kufika, nitaeleza anachofundisha kwa undani wa kutosha ili naye aondoke na kitu.

Mimi niko kwenye bima, upande wa madai, na natafuta nafasi ya MBA nje ya nchi. Vyuo ninavyoviangalia vinaitaka alama ya GMAT. Kwa wasioufahamu mtihani wa sasa: toleo hili lilianza Novemba 2023, na la zamani likafungwa mwanzoni mwa 2024. Lina sehemu tatu, kila moja dakika 45: ya hesabu yenye maswali 21, ya lugha yenye maswali 23, na ya tatu inayoitwa Data Insights yenye maswali 20. Alama za jumla zinaanzia 205 hadi 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa. Zamani maswali ya utoshelevu wa data yalikuwa ndani ya sehemu ya hesabu. Sasa yamehamia Data Insights, pamoja na maswali ya majedwali na grafu. Ukigawa dakika 45 kwa maswali 20 unapata dakika mbili na robo kwa swali, na humo ndani kuna maswali ya kusoma jedwali refu yanayokula muda mno. Kwa hiyo yale ya utoshelevu wa data ndiyo unayotakiwa kuyamaliza mapema ili mengine yapate nafasi.

Swali la utoshelevu wa data lina maelezo mafupi, swali lenyewe, halafu kauli mbili. Hutakiwi kutoa jibu la swali. Unatakiwa kusema kama kauli hizo zinatosha kulijibu. Machaguo ni matano na hayabadiliki kamwe: A, ya kwanza pekee inatosha na ya pili pekee haitoshi, B, ya pili pekee inatosha na ya kwanza pekee haitoshi, C, zote mbili kwa pamoja ndizo zinatosha, lakini hakuna moja inayotosha peke yake, D, kila moja inatosha peke yake, E, hata zikiunganishwa hazitoshi.

Seti zenyewe tulizisoma Kidato cha Pili. Miduara miwili inayopishana, katikati unaandika wanaopenda vyote viwili, nje unaandika wasiopenda chochote. Mtu yeyote aliyepita sekondari hapa nchini anaukumbuka mchoro wa Venn hata kama kazi yake haina hesabu. Ugumu uko kwenye mazoea. Shule ilitufundisha kutafuta jibu mpaka lipatikane na kulipigia mstari chini mara mbili. Mtihani huu unataka usimame mapema, mahali ambapo mwalimu wa sekondari angekuandikia kwamba kazi haijakamilika. Huyu mwalimu wa Kijitonyama amelijenga somo lake lote juu ya jambo hilo moja, na ndiyo sababu namsifu.

Sebule yake ina ubao mweupe uliotundikwa palipokuwa na runinga, meza ndefu ya mbao, na feni moja ya kusimama ambayo wanaowahi ndio wanaoifaidi. Kila mwanafunzi anapewa karatasi iliyopigwa laminesheni na maka peni ya kufutika, kwa sababu kwenye kituo cha mtihani ndivyo vifaa unavyopewa badala ya karatasi ya kawaida. Anasisitiza uvizoee mapema. Maka peni inaandika herufi nene, na ukichora jedwali kubwa mno nafasi inakuishia. Ni jambo dogo, lakini sikuliona likitajwa popote kwingine, na ukweli ni kwamba mkono unahitaji kulizoea.

Swali alilofungulia somo la seti lilikuwa hivi. Tawi la benki lina wateja 200. Wateja 120 wana kadi, na wateja 90 wamejiunga na huduma ya benki kwa simu. Je, wangapi wana vyote viwili? Kauli ya kwanza: wateja 30 hawana kadi wala hawajajiunga na huduma ya simu. Kauli ya pili: wateja 80 wana kadi lakini hawajajiunga na huduma ya simu.

Mwenzetu mmoja, mfamasia, alishaanza kuandika 120 kujumlisha 90 kutoa x. Mwalimu akamsogelea taratibu.

"Dada, kalamu chini kwanza. Hapo umeulizwa nini?"

"Wenye vyote viwili ni wangapi, Mwalimu."

"Hapana. Umeulizwa kama inatosha. Wangapi, hiyo ni shida ya meneja wa benki."

Kisha akachora jedwali. Mistari mitatu ya kulala: wenye kadi, wasio na kadi, jumla. Safu tatu za kusimama: wenye huduma ya simu, wasio nayo, jumla. Visanduku tisa. Kila mteja yuko ndani ya kimoja tu kati ya vinne vya ndani, na vitano vinavyobaki ni vya jumla. Anakataza miduara ya Venn kwa seti mbili, na anaeleza kwa nini: mchoro wa Venn hauna mahali pa kuandika "wasio na kadi" kama kundi lenye jumla yake. Watunga maswali wanapenda sana kukupa habari za wasio na kitu, na kwenye miduara habari hiyo inabaki inaelea. Kwenye jedwali ina kisanduku chake.

Halafu akatupa kanuni ambayo ndiyo roho ya somo lote. Katika visanduku tisa, vinne vikijulikana, vitano vinavyobaki vinajijaza vyenyewe. Sharti ni kwamba kila kimoja kati ya hivyo vinne kiwe kimeleta habari mpya, yaani kisiwe kinapatikana kutokana na vile vingine. Ukijua wateja wote ni 200 na wenye kadi ni 120, basi wasio na kadi 80 tayari unao. Mtu akikuambia hawana kadi wateja 80, hajakuambia kitu. Mstari mzima wenye visanduku vitatu unahesabika kama viwili.

Rudi sasa kwenye benki. Maelezo yametupa 200, 120 na 90. Hizo ni tatu, na zote mpya. Inahitajika moja tu. Kauli ya kwanza inaleta kisanduku cha ndani ambacho hakikuwepo, kwa hiyo inatosha. Kauli ya pili nayo inaleta kisanduku cha ndani, inatosha. Jibu ni D, na hakuna aliyejumlisha chochote. Alipoona tumekubali, akaibadilisha kauli ya pili kwa kufuta maneno machache: "Wateja 80 hawana kadi." Namba ni ileile, 80, lakini sasa haina thamani yoyote na jibu linakuwa A. Mfamasia aliitazama ile 80 kwa muda, akaanza kuandika kwenye daftari lake haraka haraka. Nadhani pale ndipo wengi mle sebuleni walipolielewa swali la aina hii.

Baadaye alituruhusu kuhesabu ili tujiridhishe. Kwa kauli ya kwanza, wasio na kadi ni 80, ukitoa 30 wanabaki 50 wenye simu pekee, na 90 kutoa 50 ni 40. Kwa kauli ya pili, 120 kutoa 80 ni 40 moja kwa moja. Zimekubaliana, na lazima zikubaliane, kwa kuwa katika mtihani huu kauli mbili hazipingani kamwe. Zikikupa majibu mawili tofauti, hesabu yako ina kasoro mahali fulani. Hilo ni jambo la kulikumbuka hata kama husomi kwa mtu.

Kisha ikaja hatua ambayo sikuitegemea. Alifuta kila kitu akaacha jumla ya 200 tu, akauliza: wangapi wana kimoja tu kati ya viwili, yaani kadi bila simu au simu bila kadi? Kauli moja: wenye vyote viwili, ukiwajumlisha na wasio na chochote, ni 70. Kwa kanuni ya visanduku vinne ungesema habari hazitoshi, maana unajua kitu kimoja na nusu tu. Lakini swali halijauliza kisanduku. Limeuliza jumla ya visanduku viwili, na viwili vilivyobaki vya ndani vimetajwa kwa pamoja. 200 kutoa 70 ni 130, imekwisha. Kwa hiyo kanuni ina mpaka wake, na mwalimu mzuri anakuonyesha mpaka siku hiyohiyo anayokupa kanuni. Wengine niliowasikiliza mtandaoni wanaitoa kama sheria isiyo na mlango, na mwanafunzi anakuja kuumia kwenye maswali magumu.

Eneo analofundisha vizuri kupita yote ni la asilimia. Akiandika "asilimia 30" ubaoni, hasogei mpaka darasa liseme ni asilimia 30 ya nani. Aliandika swali hili, na naliweka lote hapa kwa sababu ni zuri sana. Katika kampuni moja, asilimia 60 ya wafanyakazi ni wanawake. Ni asilimia ngapi ya wafanyakazi wote ni wanawake wenye shahada? Kauli ya kwanza: asilimia 30 ya wanaume wana shahada. Kauli ya pili: asilimia 30 ya wenye shahada ni wanaume.

Soma tena hizo kauli mbili polepole. Kwa haraka zinafanana, na anayeona zinafanana atasema kauli ya pili haijaongeza kitu, atachagua E. Weka wafanyakazi 100, ambayo inaruhusiwa kwa kuwa swali linataka asilimia na halitaki idadi. Wanawake 60, wanaume 40. Kauli ya kwanza inakupa wanaume wenye shahada, 12, lakini wenye shahada kwa ujumla hujui. Kauli ya pili inakupa uwiano ndani ya kundi la wenye shahada, bila kukuambia kundi hilo ni kubwa kiasi gani. Ziunganishe: wale wanaume 12 ndio asilimia 30 ya wenye shahada, basi wenye shahada wote ni 40, na wanawake kati yao ni 28. Jibu ni C. Sentensi mbili zenye maneno karibu yaleyale, moja inasoma mstari wa jedwali na nyingine inasoma safu, na zinakutana kwenye kisanduku kimoja.

Kwenye kazi yangu ya madai naona mkanganyiko huu kila wiki. Asilimia ya magari ya biashara yaliyopata ajali, na asilimia ya ajali zilizohusu magari ya biashara, ni vitu viwili tofauti kabisa, na ripoti inaweza kuharibika kwa kuvichanganya. Nilifurahi kuona mtu anaifundisha tofauti hiyo kwa uzito unaostahili, bila kuipitia juu juu kama sarufi.

Ana tahadhari nyingine inayoambatana na hiyo. Swali likiuliza idadi ya watu na kila ulichopewa ni asilimia au sehemu, bila namba hata moja halisi ya watu, kwa kawaida haitoshi. Anasema kwa kawaida, halafu anatoa swali linalovunja hiyo kawaida. Darasa lina wanafunzi wasiofika 40. Robo tatu yao wanasoma Kifaransa, na sehemu mbili ya tisa ya wanaosoma Kifaransa wanasoma pia Kiarabu. Wangapi wanasoma lugha zote mbili? Kauli ya kwanza: wanafunzi ni zaidi ya 25. Kauli ya pili: wasiosoma Kifaransa ni 9.

Kauli ya pili ni rahisi: robo ni 9, wote ni 36, wa Kifaransa 27, wa lugha zote mbili 6. Kauli ya kwanza inaonekana dhaifu, na mtu anaichukia tangu anapoisoma. Ila binadamu hagawanyiki. Wanaosoma Kifaransa lazima wagawanyike kwa 9, na hao ni robo tatu ya darasa, kwa hiyo darasa lazima ligawanyike kwa 12. Chini ya 40 kuna 12, 24 na 36. Zaidi ya 25 inabaki 36 peke yake. Jibu ni D, na aliyechagua B alikuwa amesoma kila neno vizuri isipokuwa lile lisiloandikwa, kwamba wanafunzi ni namba kamili. Nililipenda swali hili kuliko mengine yote niliyokutana nayo kwenye maandalizi, kwa sababu halihitaji ujanja wowote zaidi ya kukumbuka unahesabu nini.

Maswali ya ndiyo au hapana aliyapitia kwa kifupi, na kifupi kilitosha. Mfano wake: je, kuna angalau mtu mmoja aliyejiandikisha kwenye kozi zote mbili? Kauli ya kwanza, asilimia 55 ya watu wote wako kozi ya kwanza. Kauli ya pili, asilimia 50 ya watu wote wako kozi ya pili. Moja moja hazisemi kitu. Pamoja zinafika 105, na watu hawazidi 100, basi lazima wapo waliohesabiwa mara mbili. C. Hujui ni wangapi hasa na huna haja ya kujua. Alisema pia kwamba "hapana" ya uhakika ni utoshelevu kamili sawa na "ndiyo" ya uhakika. Isiyotosha ni "huenda" peke yake.

Sasa nije kwenye malalamiko, maana yapo, na moja ni kubwa.

Seti tatu alizipa muda mdogo mno. Ni somo linalostahili Jumamosi nzima, yeye alilipachika mwishoni, watu wameshachoka na wengine wanaangalia saa. Kwa seti tatu visanduku tisa havifai tena, inabidi urudi kwenye miduara au utumie milinganyo, na mabadiliko hayo ya ghafla yalihitaji maelezo zaidi. Alichokitoa kilikuwa kizuri, ndiyo sababu nasikitika kilikuwa kidogo. Mfano wake ulikuwa wa wakulima 100, kila mmoja analima angalau zao moja: mahindi 70, maharage 50, mpunga 30. Wangapi wanalima yote matatu? Kauli ya kwanza: wanaolima mazao mawili tu ni 30. Kauli ya pili: wanaolima zao moja tu ni 60.

Ukijumlisha 70, 50 na 30 unapata 150, wakati wakulima ni 100. Hamsini zilizozidi zimetoka wapi? Mkulima wa mazao mawili amehesabiwa mara mbili, kwa hiyo ameongeza moja. Mkulima wa mazao matatu ameongeza mbili. Basi idadi ya wa mawili, pamoja na wa matatu mara mbili, ni 50. Kauli ya kwanza ikikupa 30 wa mawili, zinabaki 20, na wa matatu ni 10. Kauli ya pili ikikupa 60 wa zao moja, wa mawili na wa matatu kwa pamoja ni 40. Toa hiyo 40 kwenye 50, inabaki 10, ambao ndio wa matatu. Jibu ni D. Njia hii ya kuangalia kilichozidi ni safi kuliko fomula ndefu ambazo watu wanazikariri, na inakulinda na mtego mkubwa wa seti tatu: "wanaolima mahindi na maharage" inawajumuisha pia wanaolima mpunga, lakini "wanaolima mazao mawili tu" haiwajumuishi. Neno moja dogo, "tu", linabadilisha mlinganyo mzima. Alilisema hilo mara moja, akapita. Lilistahili maswali kumi ya mazoezi, na wanafunzi wawili waliondoka siku ile bado wanabishana getini.

Fotokopi anazogawa ni za zamani. Maswali ya utoshelevu wa data yamechanganywa na maswali ya jiometri tupu ambayo toleo la sasa halina tena, na mtu mgeni anaweza kupoteza wikiendi nzima akikokotoa eneo la pembetatu bure. Anakuambia uyaruke, sawa, lakini mtu aliyelipa anastahili karatasi zilizosafishwa. Majibu yameandikwa kwa herufi tu bila maelezo, kwa hiyo ukikosa Jumapili usiku unasubiri hadi Jumamosi ijayo kujua kwa nini.

Kuanza kwa wakati pia ni tatizo. Saa tatu inamaanisha saa tatu na nusu. Kwa anayetoka Mbagala au Kibaha aliyeamka alfajiri kuwahi daladala, nusu saa ile inauma.

Kikokotoo nacho naona alikishughulikia kwa haraka. Kwenye Data Insights kipo kwenye skrini, tofauti na sehemu ya hesabu. Msimamo wake ni kwamba kwenye utoshelevu wa data usikiguse, na kwa maswali ya seti nakubaliana naye kabisa. Ila hakuonyesha lini kinafaa kwenye maswali mengine ya sehemu hiyohiyo, na anayekuja kwake kwa ajili ya Data Insights nzima angependa kujua. Vivyo hivyo kuhusu ruhusa ya kurudi nyuma: toleo la sasa linakuruhusu kuweka alama kwenye maswali na kubadilisha hadi majibu matatu kwa kila sehemu kabla muda haujaisha. Kwa maswali kama lile la Kifaransa na Kiarabu, ambapo mtego unakuja kukugonga kichwani dakika kumi baadaye, ruhusa hiyo ina thamani kubwa. Sikumsikia akiipangia mkakati.

Anafundisha kwa Kiswahili, lakini maswali anayasoma kama yatakavyokuja, kwa Kiingereza, na anamtaka kila mwanafunzi ayasome kwa sauti kabla ya kuchora. Mwanzoni baadhi yetu tuliona aibu. Hata hivyo ukisikia sauti yako ikisema sentensi yenye masharti matatu ndani yake, unaona wapi ulikuwa unaruka. Watu wa rika zote wako pale, wengine wana umri wa wazazi wa wengine, na shikamoo zinapokelewa mlangoni kabla ya hesabu. Ukiuliza jambo mara ya pili hasikasiriki. Ukiuliza mara ya tatu anakuita ubaoni, anakupa maka, anakaa kwenye kiti chako.

Nani asiende? Mtu ambaye bado anahangaika na asilimia zenyewe au kutatua mlinganyo wa x mmoja, aanze kwanza na hesabu za msingi, kwa sababu mwalimu huyu harudi huko na utakaa ukitazama wenzako. Mtu ambaye tayari anapata maswali ya seti mbili ndani ya dakika moja na nusu hana la kutafuta pale pia. Afadhali achukue mitihani miwili ya majaribio ambayo GMAC, wenye mtihani wenyewe, wanaitoa bila malipo kwenye mba.com, aone udhaifu wake uko wapi. Mitihani hiyo naipendekeza kwa kila mtu kwa kweli, hata kwa wanaolipa walimu, kwa kuwa inajirekebisha kulingana na majibu yako kama mtihani halisi unavyofanya, na hakuna fotokopi inayoweza hilo.

Ada ni shilingi 300,000 kwa Data Insights yote, na anakubali ulipe kwa awamu mbili. Kwa hela hiyo, sehemu ya seti za vikundi viwili na asilimia peke yake imenirudishia thamani. Ukimpata, mwombe kabla hujalipa akupangie Jumamosi kamili ya seti tatu. Nimesikia kundi linalofuata lilimwomba, akakubali. Nenda na daftari la mistari mipana, maji ya kunywa, na maka peni yako mwenyewe ya akiba, maana zake nyingi zimeshakauka. Na fika saa tatu kasoro kama unataka kiti cha karibu na feni.